Evaporeta Juu ya Mlango

Mpaka leo mtu akiniuliza evaporeta ya chumba cha kugandishia ikae ukuta upi, naanza kujibu kwa kujiamini, halafu katikati ya sentensi napotea. Wengine hudhani naringia ujuzi. Ujuzi gani!

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya mtaani kwetu Mfaranyaki yalipoanza kujaa vitu tusivyowahi kuviona, na mimi nikapunguzwa kazi kwenye shirika. Nikarudi kwa mama na wazo kichwani. Mama alikuwa anauza mbasa, samaki wa ziwani kutoka Mbamba Bay, aliowakausha kwa moshi juu ya chanja jikoni kwake uani. Nusu ya parokia walikuwa wateja wake, hasa Ijumaa Kuu, siku isiyoliwa nyama. Nikamwambia moshi umepitwa na wakati. Nikabomoa lile jiko, chanja na yote, na pale pale nikasimamisha chumba cha kugandishia nilichokinunua kikiwa kimetumika, kuta zake zikiwa vipande vipande juu ya lori kutoka Dar es Salaam.

Mama alisimama akiangalia. "Ijumaa Kuu watu watakula nini?" aliuliza.

Nikamwahidi watakula mbasa wabichi, wagumu kama mawe.

Ikabaki evaporeta, yaani lile sanduku lenye feni na mabomba membamba linalopuliza baridi ndani. Fundi wa kwanza, mzee aliyetengeneza friji za hospitali miaka mingi, alisema liwe juu ya mlango. "Baridi ni nzito, inaanguka. Ikiangukia hapa mlangoni inakuwa pazia, joto halipiti." Nikamwelewa kabisa. Fundi wa pili, kijana aliyekuja na zile kuta, alitaka ukuta wa nyuma, litazamane na mlango. "Bosi, hii inavuta hewa kwanza ndipo ipulize. Iweke juu ya mlango uone, itavuta unyevu wote wa masika, ugandie kwenye mabomba." Naye nikamwelewa kabisa. Walinichorea kwenye karatasi moja, mmoja mbele, mwingine nyuma, na nilikaa nikiigeuzageuza mpaka chai ikapoa. Nilikasirika, maana nilikuwa nimezoea kwamba nikielewa jambo, limekwisha.

Mama alipita na ndoo ya maji. "Mimi mafiga yangu sijawahi kuyaweka mlangoni," alisema.

Nikacheka. Nikamweleza, kwa sauti ya kumweleza mtoto, kwamba moto na baridi ni vitu viwili tofauti. Nikachagua juu ya mlango. Nikisema kweli, nililipenda tu lile neno pazia.

Wiki moja kabla ya Pasaka lori likaleta mbasa. Siku mbili za mwanzo mambo yalikuwa mazuri hata nikaanza kutembea nimeinua kidevu. Majirani wakaja kuona samaki wa kugonga meza. Na kwetu mgeni hafungiwi mlango usoni. Mama alisimama mkono kwenye kitasa, mlango wazi: shikamoo, marahaba, za nyumbani, watoto, mahindi ya shambani Mpitimbi yanaendeleaje na mvua hii, yule mgonjwa je? Mvua ikinyesha mgongoni mwa mgeni, feni ikivuma juu ya vichwa vyao. Nilipomwomba afunge, alinitazama kama niliyemtukana mtu.

"Nimfungie mama wa watu mlango bado anaongea?"

Alhamisi Kuu asubuhi niliamka nikasikia feni imenyamaza. Nikalaumu umeme, lakini taa ilikuwa inawaka. Nikalaumu kompresa, nayo ilikuwa inanguruma nje bila wasiwasi. Nikapanda juu ya ndoo kuchungulia: sanduku zima limekuwa donge la barafu, feni zimekwama ndani yake. Nikashuka nikashika samaki, wamelegea. Akili yangu ikagoma. Kitu kilichoganda kiasi kile kinashindwaje kugandisha? Ni mlango? Ni lile pazia? Ni shikamoo za mama? Nilipanda tena ndoo ile ile nikachungulia tena, kana kwamba mara ya pili barafu itanijibu.

Mama aliingia. Alichukua mbasa mmoja mmoja, akaminya tumbo, akanusa, akaweka kulia au kushoto. Fungu la kutupa lilikua haraka kuliko la kupona. Nilitamani anitukane. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana Ijumaa Kuu ilikuwa kesho na chanja lake nililivunja kwa mikono yangu.

"Kata miti," aliniambia. "Waliobaki tutawatia moshi."

Nikakata. Nikafunga chanja, nikainua turubai juu yake na pande tatu, upande wa nne nikauacha uwe mlango. Mama akaenda chumbani kwake, akarudi amekumbatia jiwe jeusi kwa masizi, akarudi tena, na tena. Mafiga yake matatu. Nilidhani niliyatupa na kifusi, kumbe muda wote yalikuwa chini ya kitanda chake, yamefunikwa kwa khanga kuukuu.

Akayatua miguuni pangu.

"Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Tuyaweke wapi?"

Nilitafuta utani usoni kwake, sikuuona. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananicheka au alikuwa ananiuliza kweli. Nikanyoosha kidole kwenye pembe ya ndani kabisa, mbali na mlango. Akanitazama kidogo, kisha akainama kuyapanga, na mimi nikatoka mvuani kutafuta kuni kavu.