Mitungi Niliyoitia Mchanga wa Pwani

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kama ya jana, mwaka ule wa uhuru, hapa hapa Mwabungo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, nikifinyanga pamoja na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanakombo. Wanawake wa mtaani walikuwa wametuagiza mitungi sita ya maji ya kunywa kwa ajili ya sherehe ya uhuru.

Sufuria na ndoo za bati zilikwisha kuingia kila nyumba, nami nikataka vyombo vyetu navyo vionekane vya kisasa. Mitungi ya bibi ilikuwa na kitako cha duara. Mimi nikaipa kitako bapa, ikae juu ya meza. Hapo sikukosea. Kosa langu lilikuwa jingine. Desturi yetu ni kutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo, kazi ya kuchosha kweli. Bibi alikuwa Msambweni akimuuguza dada yake. Nikachota mchanga mweupe wa pwani, nikachanganya, nikafinyanga, nikachoma.

Ilitoka motoni mizuri ajabu. Nikaijaza maji kuijaribu; siku ya tatu ikaanza kubambuka na kuacha mashimo, maji yakachuruzika. Sherehe ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Bibi aliporudi nilimwamkia nikiwa nimeinamisha kichwa. Akapitisha kidole kwenye mashimo, kisha kwenye kitako.

"Kitako hiki nani kakufundisha?"

"Nimekibuni mwenyewe, bibi."

"Kizuri. Tutakitumia. Lakini mchanga huu una vipande vya makombe ya baharini. Kombe likichomwa huwa chokaa, na chokaa ikipata maji hufura, ikapasua chombo. Vigae vimeshapita motoni, havifuri, nao huushika udongo usipasuke. Mbona hukuniuliza kwa nini twatwanga vigae? Ulidhani ni ukaidi wa wazee?"

Ndivyo hasa nilivyodhani.

"Haya, shika mchi."

Tulitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya sherehe mitungi sita ilisimama juu ya meza, watu wakanywa maji baridi, na hakuna hata mmoja uliovuja.

Sasa waniambia wataka kuleta gurudumu la kufinyangia na tanuri. Lete, mwanangu, sikukatazi. Ila kabla hujaacha jambo la waliokutangulia, uliza kwanza lafanya kazi gani. Ukishajua, amua, wala usiyumbe. Na ukikosea, usikae kulia. Anza upya siku hiyo hiyo. Mwenyezi Mungu aitie baraka mikono yako, na akujaalie wa kumwachia ujuzi huu. Amin.