Kamera ya Minofu Iliyonigomea

Jamani, juzi nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, nimevalishwa gambuti, yale mabuti ya mpira ya kiwandani. Kamera inayokagua minofu ikapoteza mtandao. Nikasema, “Niachieni mimi!”

Nilikaza waya, kisha nikaunganisha kompyuta yangu na kuipa namba ya mtandao ileile ya kamera, maana najua wajina hawakosi kuelewana. Kamera ikagoma. Nikabadilisha waya wote, huku nikimponda fundi aliyenitangulia.

Mama Kulwa, mpanga minofu, akaniita mbele ya meneja. “Mwanangu, ukiibeba kompyuta yako kwenda chai, kamera inafanya kazi. Ukirudi tu, inakufa.”

Meneja akasoma namba ya kompyuta, akasoma ya kamera, kisha akanitazama hadi miguuni. “Kijana, mashine mbili hazitumii namba moja. Tangu asubuhi tunatafuta hitilafu, kumbe tumeivalisha gambuti wenyewe!”