Mistari Iliyobaki Chake

Nilikuwa nimepewa kazi ya kutengeneza programu ya kuandikisha wazazi na watoto wachanga katika kituo kimoja cha afya upande wa Kengeja. Kabla ya kuiandika, niliichora kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya kuchorea mifumo. Kila kitu kilikuwa na kisanduku chake: mama, mtoto, mkunga, chanjo. Mistari ndiyo iliyoonyesha nani anahusiana na nani. Ilinichukua wiki tatu, na kila jioni nilihifadhi kabla sijafunga.

Siku ya kuwaonyesha wakunga nilinakili mchoro kwenye flashi, nikapanda gari la asubuhi kutoka Chake, ninakoishi. Kompyuta ya kituo ilikuwa na programu ileile, imekwisha kuunganishwa na projekta. Wakunga sita walikaa kwenye mabenchi ya kliniki. Nikafungua faili.

Visanduku vilitokea ukutani. Mistari haikutokea hata mmoja.

Nikafunga, nikafungua tena. Vilevile. Nilipoitazama flashi ndipo nilipoelewa: programu ile ilihifadhi visanduku katika faili moja na mistari katika faili ya pili, na mimi nilinakili moja tu. Nyumbani zilikuwa zikifunguka pamoja, sikuwahi kujua kuwa ni mbili.

"Mniwie radhi," nikasema. "Mistari imebaki Chake."

Mkunga mkuu, mama wa makamo aliyewazalisha hata baadhi ya wakunga wenzake, hakucheka. "Basi tuichore hapahapa. Wewe taja kisanduku, sisi tutakwambia kinafungwa na kipi."

Tukaanza. Tulipofika kwa mtoto, nikavuta mstari hadi kwa mama, nikaeleza kama nilivyopanga: kila mtoto lazima awe na mama aliyeandikishwa kliniki, bila ya hivyo programu haitamhifadhi.

"Ngoja, mwanangu," akasema. "Na yule anayeletwa na mama yake mdogo, mama mwenyewe kafa kwa uzazi?"

"Ataandikwa kwa mama yake."

"Mama yake hakupata kufika hapa. Kazalia nyumbani, kazikwa. Hana kadi wala nambari. Mashine yako itasemaje?"

"Itamkataa," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Mimi nililelewa Wambaa na mama yangu mdogo. Mama alifariki nyumbani siku aliyonizaa, na mama mdogo ndiye aliyenibeba kunipeleka kliniki. Halikuwa jambo la siri, wala sikuwa nimelisahau. Hata hivyo nilikaa wiki tatu nikichora mfumo ambao mimi nisingeandikika ndani yake, nikauhifadhi kila jioni, nikaenda kulala.

Nikakiweka kipanya mezani, nikakaa kwenye benchi. Mkunga mmoja akaniuliza kama naumwa. Ndipo nikawaeleza.

"Mama yako mdogo yu hai?" mkunga mkuu akauliza.

"Yu hai, alhamdulillahi."

"Mpe salamu zetu. Sasa ifute hiyo lazima."

Nikaifuta. Tukaongeza kisanduku kipya, wakabishania jina lake, mwisho wakakubaliana kiitwe mlezi. Nilipohifadhi nikazihesabu faili kwenye flashi. Zilikuwa mbili.

Sikurudi Chake siku ile. Nilikwenda Wambaa, nikamsimulia mama mdogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na kadi yangu ya kliniki ndani ya mfuko wa plastiki. Sikuwahi kuiona. Palipotakiwa jina la mama, paliandikwa jina lake yeye.

"Nesi hakujua?" nikauliza.

"Alijua. Nilimwambia mama yako kafa. Akasema kadi haina pahala pengine, akaniandika mimi."

Niliendelea kuitazama ile kadi. Yeye alikwenda jikoni kugeuza muhogo.