Tembo Aliyeuma Mkonga Wake

Kwa miaka kumi na tisa nimewatembeza wageni katika hekalu la Shiva la mji wetu, na miaka yote hiyo nimewadanganya kwa moyo mweupe. Mimi Puttaswamy, niliyefeli historia mara mbili, niliamini kila neno lililonitoka.

Chini ya ukuta kuna msururu wa tembo wa kuchongwa. Mmoja, karibu na mlango wa kusini, amejitia mkonga mdomoni. Hapo nilizoea kushusha sauti: "Huyu anauma mkonga wake. Maana yake, mwenye hekima huuzuia ulimi." Wageni walitikisa vichwa kwa kukubali. Profesa mmoja kutoka Mysuru aliniomba nirudie aandike, nami nikarudia na chumvi juu.

Jumatatu moja ya mfungo wa Shravana, mwezi wa mungu Shiva, akaja mzee Kalachari, mchonga sanamu, pamoja na mkewe. Aliniacha nimalize mbele ya wageni wote, kisha akachuchumaa na kumkagua yule tembo.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hapa patasi iliteleza."

"Iliteleza vipi, mzee?"

"Mkonga ulimegeka. Fundi akaona msimamizi anakuja, kipande kilichobaki akakigeuzia mdomoni. Mimi nilimfanyia vivyo hivyo Ganesha, mungu wetu wa kichwa cha tembo na tumbo kubwa, na watu wanamwabudu mpaka leo."

"Yule uliyempunguza tumbo?" akauliza mkewe.

"Huyohuyo."

Wageni walicheka hadi wakashikana mabega. Nikajikaza. "Na hekima je, mzee?"

"Ipo. Hakumwambia mtu."

Nyumbani, mke wangu Nagaratna aliacha kusonga ugali wa ulezi ili acheke vizuri. "Wewe ndiye unayefundisha watu kuzuia ulimi?"

Asubuhi nilirudi peke yangu, nikapiga magoti. Kweli, alama ya patasi ilikuwepo, imekwenda upande. Nilikuwa nimepita hapo maelfu ya mara nikitazama nyuso za wageni, si jiwe. Nikamwona yule fundi wa kale, jasho linamtoka, anasikiliza viatu vya msimamizi. Nikamhurumia kama ndugu.

Sasa nawasimulia wageni kuteleza kwa patasi, nao huinama kutazama, jambo ambalo hekima yangu haikuwahi kuwafanyisha. Kosa langu ni kumwalika mzee Kalachari aje tena. Huja kila Jumatatu. Ameshaninyang'anya hadithi ya mwanamke aliyeshika kioo na ya nyoka wa vichwa saba. Nimebaki na hadithi nne, na juzi nilimwona akiikodolea macho ile ya tano.

"Ya tano ipi?" Nagaratna akaniuliza. "Si umesema zimebaki nne?"

Hesabu pia nilifeli.