Mtu Aliyepanda Bila Moshi

Katika vijiji vya nyuma ya Urambo, ukimtaja Shilinde, mtu atakuuliza kwanza: yule anayerina asali bila moshi? Ndiye huyo. Warina asali wenzake husubiri jua lizame, wakawasha mwenge wa magome, wakapanda polepole wamejifunika nguo mpaka kwenye kope. Yeye alipanda mchana kweupe, kifua wazi, akatia mkono mzingani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Watu walimsifu sana. Sifa hiyo aliila akashiba kwa miaka ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kumuuliza ujasiri huo aliupata wapi.

Aliupata kwa baba yake. Akiwa na miaka tisa aliangusha dumu la asali njiani, likapasuka. Baba hakupiga kelele. Alimshika mkono, akampeleka kwenye mzinga uliokuwa umeteremshwa chini, akauingiza mkono wa mtoto ndani mpaka begani, akaushikilia humo hadi mtoto alipoacha kulia. Kisha akamwambia kwamba sasa amekuwa mwanamume. Mkono ulivimba ukawa mnene kuliko paja lake. Ulipopona, Shilinde alibaki na kitu kimoja: baba akimkaribia, hata kama ni kumpa kipande cha muhogo, kiwiko chake kilipanda chenyewe kukinga uso. Baba alikuwa anakichukia kiwiko kile. Alikipiga kwa kamba ya mzinga, mwaka baada ya mwaka, mpaka kikaacha kupanda.

Sasa Shilinde mwenyewe alikuwa baba. Mwanawe wa kwanza, Benjamini, alikuwa na miaka kumi na tisa, na aliogopa miti. Si kwamba alikuwa mvivu. Alilima, alichota maji bila kutumwa, na cherehani ya mama yake aliiendesha hadi majirani wakawa wanamletea sare za watoto wa shule. Ila ukimpandisha juu ya mti, hata kwa urefu wa ngazi, magoti yalimlegea. Jambo hilo lilimkera Shilinde kupita kiasi. Alikuwa akimtazama kijana wake anavyokata kitambaa kwa mikono yake laini, kisha akageuza uso.

Asubuhi ya kwenda kambi ya kurina asali porini, mwezi wa sita, alimwambia afunge kamba kwenye baiskeli, kwamba mwaka huu atapanda atake asitake. Majirani walikuwa uani. Benjamini aliishika kamba, akaiangalia, akairudisha chini.

"Baba, mimi siendi," akasema. "Naogopa."

Panga lilikuwa mkononi mwa Shilinde. Alilipindua, akampiga kwa mgongo wa panga. Pigo la kwanza lilitua kwenye kiwiko, kwa kuwa kijana alikuwa amekiinua. Pigo la pili lilipita, likampata sikioni. Benjamini alianguka, kichwa kikagonga jiwe la kusagia, na damu ikaanza kutoka ndani ya sikio, nyeusi, polepole. Josepha, mke wa Shilinde, alitoka jikoni mbio akapiga magoti kwenye vumbi. Shilinde alifuta panga kwa majani. Alisema atazoea, akapanda baiskeli, akaondoka.

Akaondoka! Wanaume kama hawa wapo wengi, na mchana wanasalimiwa kwa heshima zote.

Kambini walikuwa watatu, kama kila mwaka. Ambrosi alikuwa mkulima Mkatoliki wa kijiji cha pili, mtu mpole mwenye sauti nzito. Majidi alikuwa seremala wa Tabora mjini, wa ukoo uliokuja na misafara ya zamani ukaganda palepale. Alikuwa akija kila msimu na mizinga ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe. Kambi yao ilikuwa na desturi moja waliyoirithi kwa waliowatangulia. Kabla ya mzinga wa kwanza kushushwa, kila mwanamume anakung'uta mfuko wake mbele ya wenzake, kisha anakung'uta kifua: anasema alichokiacha nyumbani, kizuri au kibaya. Asiyekung'uta anabaki chini, hapandi. Mtu mwenye jambo kifuani, walisema, mkono unamtetemeka, na aliye chini ndiye anayeumia.

Jioni ile Majidi alianza. Alieleza kwamba mkewe alipojifungua binti wa nne, yeye hakurudi nyumbani siku mbili. Alikaa barazani akicheza bao, akiona haya kama vile ameiba. Binti huyo ndiye Najiat, na sasa mgongo ukimkamata baba yake, ndiye anayemfunga viatu. Alisema kila anapoinama kumfunga, yeye hutazama pembeni, maana hajawahi kumwomba radhi, na hajui baba anamwombaje radhi mtoto.

Ambrosi alicheka kidogo, kisha akaacha. Yeye, alisema, alikuwa na tabia ya kumzaba mkewe vibao, na aliona ni kawaida, baba yake alifanya hivyo, na babu. Pasaka iliyopita aliinua mkono, na mwanawe Valentino akaudaka hewani.

"Alinisukuma mpaka ukutani, akanishikilia pale," Ambrosi alisema. "Nikamwangalia usoni. Ana nguvu kuliko mimi, na hakunipiga. Mimi ningempiga."

Wote wawili wakamgeukia Shilinde. Majidi akamuuliza Benja yuko wapi, si alisema mwaka huu atamleta. Shilinde alijibu kwamba ana homa. Ambrosi akauliza nyumbani je.

"Wazima," akasema. "Tulale, kesho kazi."

Njia nzima alikuwa amesikia mlio wa lile jiwe, na usiku alilala nao. Alijua kabisa kwamba huenda amemuua mwanawe. Alijua, na bado ilikuwa rahisi kwake kudanganya kuliko kusema mbele ya wanaume wawili kwamba anaogopa.

Asubuhi Ambrosi aliona damu iliyokauka kwenye mpini wa panga. Hakuzungusha maneno. Alimwambia Baba Benja leo abaki chini, jana hakukung'uta. Shilinde alimkaba shingo, akambana kwenye shina la mti, na macho ya Ambrosi yakaanza kutoka ndipo Majidi alipomvuta kwa nyuma. Hakuna atakayemzuia kupanda, alisema Shilinde, akavua shati, akaweka simu mfukoni mwa suruali, akajitwisha kamba. Mwenge aliusukuma kwa mguu. Ilikuwa saa nne, jua kali, nyuki wakiwa katika ukali wao. Wenzake wakabaki chini kupokea mzinga, Ambrosi akijisugua shingo, kwa sababu kazi ni kazi.

Mti wenyewe ulikuwa mninga mrefu penye mwinuko. Alipanda kwa hasira, haraka, akafika kwenye panda ya matawi, akafungua fundo la mzinga, akaanza kuuteremsha. Nyuki walimtembea mikononi bila kumuuma. Hapo ndipo simu ilipotetemeka mfukoni. Chini kambini mtandao haukuwepo, lakini juu ya mninga ule ulishika. Ilitetemeka mara tatu. Alizungusha kamba kwenye mkono mmoja, akaitoa simu kwa mwingine, akasoma. Zote zilitoka kwa Josepha, alizozituma tangu jana.

Mtoto anatoka damu tena. Tumempeleka Urambo kwa bodaboda. Baba Benja, haamki.

Kamba ilimponyoka. Mzinga ulishuka futi zote zile ukapasukia mbele ya miguu ya Ambrosi, na nyuki wakatoka wote kwa pamoja. Ambrosi alikimbia akagonga mti, akainuka, akazunguka palepale akipiga mayowe, uso wake hauonekani kwa nyuki. Wengine walipanda juu wakifuata harufu ya jasho. Walimwingia Shilinde machoni, puani, mdomoni. Aliteleza, akakwaruzika kifua kizima kwenye gome, akaanguka kwa mgongo. Na mtu huyu ambaye hakulia tangu alipokuwa na miaka tisa alilia kwa sauti, akiita mama yake.

Majidi ndiye aliyewaokoa. Aliurudia mwenge, akarundika majani mabichi juu ya moto mpaka moshi ukawa mzito, akawaburuta mmoja mmoja wakalala humo wakikohoa. Alikaa saa nzima akiwakwangua miiba kwa makali ya kisu. Uso wa Ambrosi ulikuwa hautambuliki. Macho ya Shilinde yalikuwa yamefunga kabisa.

Humo moshini, kipofu, ndipo alipokung'uta.

"Benja hana homa," akasema. "Nilimpiga kwa panga kwa sababu alisema anaogopa. Mimi pia naogopa. Kila mti ninaopanda naogopa, toka baba alipoutia mkono wangu mzingani. Kijana alisema neno moja tu ambalo mimi sijawahi kuweza kulisema, nikamuua."

Hakuna aliyemliwaza. Ambrosi alitema damu, midomo imevimba.

"Ungesema jana, Baba Benja," akamwambia, "tungegeuza baiskeli jana ile ile."

Shilinde aliuelewa ujumbe huo vizuri sana. Si panga peke yake lililokuwa limemwacha mtoto bila baba siku nzima na usiku wake. Alijipiga ngumi usoni, mara mbili, juu ya uvimbe, mpaka Majidi akamshika mikono.

Walimfunga nyuma ya baiskeli ya Majidi kwa kamba ile ile ya mzinga asianguke, Ambrosi akifuata kwa miguu. Barabarani walipata bodaboda. Njia nzima hakuona kitu. Alisikia mbwa, alisikia watoto wakicheka uso wake, akanusa tumbaku kwenye maghala, akajua wameingia Urambo.

Josepha alikuwa mlangoni mwa wodi. Alimtazama mumewe muda mrefu, wala hakumpa pole. Alimwambia mtoto ameamka alfajiri. Daktari amesema ataishi, ila sikio la kushoto halitasikia tena. Majidi akamwongoza Shilinde ndani kwa kumshika mkono, akamsimamisha kando ya kitanda.

"Benja," akaita.

Alinyoosha mkono kumtafuta mwanawe usoni, amguse, ajue kwamba ana joto la mtu aliye hai. Vidole havikufika usoni. Viligusa mfupa mgumu, uliokunjwa, wenye uvimbe wa pigo la kwanza. Kilikuwa kiwiko, na hakuhitaji macho kukitambua.

Aliurudisha mkono. Alikaa chini sakafuni, upande wa sikio linalosikia, akaikalia mikono yake yote miwili. Akamwambia kwamba yeye pia anaogopa miti. Akamweleza habari ya dumu lililopasuka, na ya mzinga, na ya kamba, mpaka mwisho. Kisha akasema neno la radhi ambalo Majidi, aliyesimama nyuma yake, alikuwa hajui jinsi ya kulisema kwa binti yake. Benjamini alimsikiliza.

Jioni wageni waliambiwa watoke. Josepha alimshika mumewe bega kumwongoza nje, na walipofika mlangoni Shilinde akamuuliza kwa sauti ya chini kama mtoto ameshusha kiwiko.

Josepha aligeuka akatazama, akamwambia bado.