Mapigo ya Mama Ambayo Sikuyapima

Wakati wa vita nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya huko Mbau. Siku moja moyo wangu ulianza kuruka: pigo moja lilikuja mapema, kimya kikafuata, halafu pigo zito likanigonga kifuani. Nilidhani nakufa. Nilipopata gari la kwenda Butembo, daktari mmoja mzee alinipima, akanieleza kwamba mapigo ya namna hiyo huwapata watu wengi wasio na ugonjwa wowote, hasa wakiwa na hofu na uchovu. Baada ya kuruka mara moja, alisema, moyo wangu ulirudi kwenye mwendo wake. Nilirudi kazini mwepesi.

Miezi michache baadaye mapigano yalimfukuza mama shambani kwake, akaja kuishi kwangu. Hakuwa mtu wa kulalamika. Asubuhi moja, akichambua maharagwe, aliniambia, "Mwanangu, moyo yangu haitembei muzuri. Inaruka-ruka."

Nilikuwa nimechelewa kazini. "Ni woga ya vita, mama. Hata yangu iko vile. Itapita."

Aliniamini kwa sababu nilikuwa nimesoma. Sikumshika mkono nimpime, jambo nililomfanyia kila mgeni aliyeingia kituoni. Hakuutaja moyo wake tena, nami nikadhani amepona, ingawa nilimwona akisimama kupumzika njiani kutoka bombani.

Jumapili moja alianguka kanisani katikati ya wimbo. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea. Kwa sababu ya vizuizi vya askari, tulichukua siku mbili kufika Butembo. Daktari yule yule alimpima mapigo, kisha akanishikisha mimi mkono wa mama. Yalikuja ovyo: mawili ya haraka, moja dhaifu, pengo, tena matatu, bila mwendo wowote wa kurudia. Moyo wa namna hiyo, alieleza, huacha damu igande ndani yake, na donge huweza kupanda kichwani.

"Alikuambia mbele ya kuanguka?" akaniuliza.

"Ndiyo, dokta."

"Basi ulimupima?"

Mama alikuwa ananitazama. Hakuweza kusema tena.

"Nilimupima," nikajibu. "Ilikuwa sawa."

Daktari akaandika hivyo kwenye fishi, karatasi ya matibabu ya mama. Mama akageuzia uso ukutani. Aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi, bila neno, na sikuwahi kumwomba msamaha. Niliogopa kujua kama alikuwa amenisikia.