Fundi Anayepima Joto

Fundi wa kompyuta pale mpakani Busia haanzi na kibodi. Huigeuza laptopu na kuweka mgongo wa mkono kwenye upande wake wa chini, kama anayepima homa. Nasifa alipomletea yake kutoka Tororo, inayotumia mfumo wa Linux na kuzimika kwa joto kazi ikiwa katikati, fundi aliandika amri moja, akatazama kasi ya prosesa, ubongo wa mashine, ikipanda mpaka feni ikavuma.

“Unaiwekanga wapi?”

“Kwa kitanda. Mama ni mgonjwa, hataki nitoke karibu.”

Nasifa akajiandaa kukaripiwa. Fundi aliyetangulia alimfokea kwamba blanketi linaziba hewa. Huyu aliinama tu, akaandika tena, kwa vidole viwili, bila haraka.

“Nimeipunguza mbio, isichemke hata kitandani. Itafanya kazi polepole kidogo,” akasema. “Wewe kaa na mama.”